Chachu ya Mchikichi na Mipaka ya Dharura

Fikihi ya Kiislamu, yaani elimu inayochunguza hukumu za matendo ya mja, huuliza juu ya kila chakula maswali mawili yanayokaribiana bila kuwa sawa: kitu hiki ni nini sasa, na kimetokana na nini. Kwa vyakula vingi majibu ya maswali hayo hayagongani, kwa maana mchele ni mchele tangu ghalani hadi sahanini, lakini kwa chachu hugongana, kwa sababu kazi yote ya chachu ni kugeuza vitu, na yenyewe hugeuka inapoifanya kazi hiyo. Ndiyo maana jambo linaloonekana dogo, la kutafuta badala ya hamira ya dukani, laweza kumfikisha mwokaji Mwislamu wa Kasongo au Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, kwenye mjadala ambao wanazuoni wameushughulikia kwa karne nyingi: je, haja ya mtu inaweza kuibadili hukumu ya kitu, na kama inaweza, haja hiyo hupimwaje?

Mazingira ya swali lenyewe yana historia yake. Uislamu uliingia katika nchi hiyo pamoja na misafara ya biashara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi katika nusu ya pili ya karne ya 19, na David Livingstone alipofika Bambarre, ambayo ndiyo Kabambare, mwezi Septemba 1869, alikuwa akifuatana na msafara wa aina hiyo. Hamed bin Muhammad al-Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake, na mji huo ukabaki mikononi mwa watu wake hadi ulipotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwezi Aprili 1893. Utawala huo ulipita, na madhara ya biashara ya watumwa na pembe ambayo utawala huo uliitegemea hayasahauliki, lakini ulibakiza nyuma yake lugha ya Kiswahili, kilimo cha mpunga, na madhehebu ya Imamu Shafii ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi wa pwani, ingawa baadhi ya Waarabu wa Oman waliofuatana na misafara walikuwa Maibadhi. Katika karne ya 20 tarika ya Kadiria iliimarisha zaidi dini hiyo, na Maniema hadi leo ndiyo inayotajwa kwanza Uislamu wa Kongo unapozungumzwa.

Mpunga hustawi huko, lakini ngano haipendi joto na unyevu wa bonde la mto Lualaba, kwa hiyo unga wa ngano hutoka mbali, na hamira hufuata njia hiyohiyo ndefu. Hamira kavu, ambayo ni viumbe hai vidogo mno vilivyokaushwa na kulazwa usingizi, huchakaa upesi katika joto pakiti ikishafunguliwa, na ile iliyokaa muda mrefu njiani na dukani huenda isiumue unga hata ikiongezwa mara mbili. Mwokaji wa mandazi au mikate anayetegemea biashara hiyo kwa karo za watoto hana budi kutazama kilicho karibu, na kilicho karibu, katika nchi nyingi za Afrika zenye michikichi, ni tembo, yaani kinywaji kinachotokana na utomvu wa mti huo.

Hapa inafaa kueleza jinsi utomvu huo unavyopatikana, kwa kuwa hukumu yote inategemea maelezo hayo. Mgema hupanda hadi kileleni mwa mchikichi, hukata kikonyo cha ua dume, na kufunga chini yake kibuyu au chombo kingine ambamo utomvu hudondoka usiku kucha. Utomvu unapotoka mtini ni mtamu na hauleweshi, kwa kuwa una sukari kiasi cha asilimia 10 au zaidi kidogo na hauna kileo chochote. Hata hivyo viumbe vya chachu viko hewani, viko juu ya gome, na zaidi ya yote vimo katika mashapo yaliyoganda ndani ya kibuyu cha jana, ambacho mgema hakioshi kwa makusudi ili kinywaji kichachuke haraka. Viumbe hivyo hula sukari na kutoa vitu viwili: kileo, ambacho ndicho kinacholewesha, na hewa ya kaboni, ambayo ndiyo povu linaloonekana juu ya tembo na ndiyo inayoumua unga. Ndani ya saa chache utamu huanza kupungua, kufika jioni kinywaji kina nguvu ya kulewesha, na kikiachwa siku kadhaa, viumbe vya aina nyingine hukigeuza kileo kuwa asidi na tembo kuwa siki. Ni Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa wa karne ya 19, aliyethibitisha kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai, lakini wagema na waokaji walikuwa wakiutumia uhai huo kwa maelfu ya miaka kabla yake.

Katika madhehebu ya Shafii hukumu ya kinywaji kilichokwisha kuchachuka haina utata mkubwa. Kila kimiminika kinacholewesha hupewa hukumu ya khamri, yaani mvinyo uliotajwa katika Kurani, hata kama hakikutokana na zabibu wala tende, na kile ambacho wingi wake hulewesha, uchache wake pia umekatazwa. Zaidi ya kuwa haramu kunywewa, kimiminika hicho ni najisi, yaani kitu ambacho kikigusa chakula chenye majimaji hukichafua kisheria. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaj kimekuwa tegemeo la mafakihi wa Shafii wa Afrika Mashariki, alilitaja swali la chachu karibu kwa jina lake. Katika mlango wa adhabu ya mlevi alieleza kwamba anayekunywa mashapo ya khamri huadhibiwa, lakini anayekula mkate ambao unga wake umekandwa kwa khamri haadhibiwi, na wafafanuzi wa kitabu hicho wakaongeza sababu, kwamba moto umekula ile khamri yenyewe na kilichobaki ni mkate uliopatwa na unajisi.

Kauli hiyo fupi inastahili kutazamwa kwa makini, maana inatenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya. La kwanza ni kosa la mtendaji: aliyekula mkate hakunywa kileo, halewi, wala hawezi kuitwa mlevi, kwa hiyo sheria haimfuati kwa adhabu. La pili ni hali ya kitu: mkate wenyewe haujawa safi kwa kuokwa, kwa sababu katika madhehebu hayo moto si kitakasaji, na unajisi ulioingia katika kinyunga hauna pa kutokea. Mtu anaweza basi kuwa hana hatia ya ulevi na bado akawa amekula kisichofaa kuliwa, na mwokaji anayejitetea kwamba kileo chote kimepaa jikoni amejibu swali la kwanza bila kuligusa la pili.

Hata hivyo mafakihi haohao wanakubali kwamba kitu najisi kinaweza kugeuka kikawa kitu kingine kilicho safi, na mfano wao mashuhuri ni khamri inayogeuka siki. Ikigeuka yenyewe, siki ni safi na halali, na chombo chake husafika pamoja nayo. Ikigeuzwa kwa kutiwa kitu ndani yake, kwa mfano chumvi au kitunguu, haisafiki, kwa hoja kwamba kilichotiwa kimeshapata unajisi na kitaurudisha ndani ya siki baada ya siki kuwa imekwisha takasika. Ikihamishwa tu kutoka kivulini kwenda juani ili igeuke haraka, husafika kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kwa kuwa hakuna kitu kilichoingizwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi walikuwa wapana zaidi, wakaruhusu kugeuza kwa namna yoyote, wakisema kwamba kinachohukumiwa ni kile kilichopo mwishoni. Tofauti hiyo ni ya kifalsafa kabla ya kuwa ya kisheria: kwa Mhanafi jina jipya la kitu hufuta nasaba yake, na kwa Mshafii jina jipya halitoshi mpaka njia ya kulifikia nayo iwe haina doa.

Kutokana na misingi hiyo, mchikichi uleule unampa mwokaji vitu vitatu vyenye hukumu tatu. Utomvu wa alfajiri, uliopokewa katika chombo safi na kukandiwa unga ungali mtamu, ni halali bila shaka, na uchachu wake utatokea ndani ya kinyunga chenyewe, ambacho si kinywaji wala hakileweshi. Tembo la jioni ni haramu na mkate wake umenajisika. Siki ya siku nyingi, ikiwa imeachwa igeuke yenyewe, ni halali tena, nayo ikichanganywa na magadi, au na maji yaliyochujwa kwenye majivu ya kuni, hutoa hewa ileile ya kaboni inayoinua vitumbua na mikate ya mchele. Kinachotenganisha hukumu hizo ni wakati, na zaidi ya wakati, ni uangalifu wa kujua kitu kimefika wapi katika safari yake. Hata sharti la chombo safi si la kupuuzwa, kwa kuwa mashapo yanayopendwa na mgema ndiyo mabaki ya kinywaji kilicholewesha, na mwenye kutaka utomvu wa halali hana budi kumkabidhi mgema kibuyu chake mwenyewe kilichooshwa.

Pingamizi moja laweza kutolewa hapa, kwamba kila kinyunga kilichoumuka, hata kwa hamira ya dukani, kina kileo kidogo kilichozaliwa na uchachu, hivyo kutofautisha tembo na hamira ni kujisumbua bure. Jibu la mafakihi limo katika neno kimiminika. Khamri katika istilahi yao ni kinywaji chenye nguvu ya kulewesha, na kinyunga hakikuwa kinywaji wakati wowote wala hakina nguvu hiyo, kwa hiyo kileo kilichomo hakijawahi kuwa khamri hata kihitaji kutakaswa. Sheria haikatazi chembe ya kikemia popote ipatikanapo, ambayo imo hata katika ndizi iliyoiva sana, bali hukataza kitu kinachojulikana na watu kwa sifa na matumizi yake. Anayeleta maabara jikoni akidhani atakuwa mcha Mungu zaidi ya mafakihi huenda akaharamisha mikate yote ya dunia.

Baada ya hukumu ya kitu huja hukumu ya haja, na hapa ndipo lilipo swali gumu. Ni kanuni inayokubalika na madhehebu yote kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na kanuni ya pili huifuata hatua kwa hatua, kwamba kilichohalalishwa na dharura hupimwa kwa kiasi cha dharura hiyo. Jalaluddin Suyuti, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1505, alipokusanya kanuni za fikihi alinukuu mpangilio wa ngazi tano za mahitaji: dharura, ambapo mtu asipokitumia kilichokatazwa hufa au hukaribia kufa, haja, ambapo hapati mauti bali taabu na mashaka, manufaa, pambo, na ziada isiyo na maana. La kuvutia ni kwamba mfano uliotolewa kwa ngazi ya tatu, ya manufaa, ni mtu anayetamani mkate wa ngano na nyama ya kondoo. Kwa kipimo hicho, mwenye kula ugali wa muhogo na wali, akatamani mkate laini ulioumuka vizuri, hajafikia hata ngazi ya haja, na tamaa yake, ingawa ni halali, haiwezi kulifungua lililofungwa.

Mwokaji anayeuza, hata hivyo, hayuko mahali pa mlaji anayetamani. Mkate kwake ni riziki, na kukatika kwa hamira kwa wiki mbili ni kukatika kwa karo, dawa na sabuni, jambo ambalo linamweka waziwazi katika ngazi ya pili. Mafakihi wamesema kwamba haja ya watu wengi huweza kuchukua nafasi ya dharura, na mtetezi wake angeweza kuishika kauli hiyo, hasa katika nchi ambayo barabara mbovu na usalama usiotabirika si mambo aliyoyachagua yeye. Hoja hiyo ina uzito, lakini imeruka hatua moja, na hatua hiyo inaonekana vizuri zaidi katika mlango wa tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo pale maji yanapokosekana. Tayamamu ni badala iliyowekwa na sheria yenyewe kwa huruma, na bado fikihi ya Shafii haimruhusu mtu kugusa udongo akiwa na shaka juu ya maji kabla hajayatafuta: atazame katika mizigo yake, awaulize wenzake wa safari, aangaze pande zake. Kukosa, kwa maana ya kisheria, ni kukosa baada ya kutafuta.

Kipimo hicho kikihamishiwa jikoni, dharura ya mwokaji hubadilika sura. Hamira ya dukani haikuwahi kuwa chachu pekee, kwa kuwa unga wowote wa nafaka ukichanganywa na maji ya uvuguvugu katika bakuli lililofunikwa, ukaongezwa unga na maji kidogo kila siku, huanza kutoa mapovu na harufu ya uchachu baada ya siku kadhaa, na huo ni mwanzo wa chachu inayoweza kulelewa miaka mingi kwa kuacha kila mara donge la jana ndani ya kinyunga cha leo. Unga wa mchele nao huchachuka vivyo hivyo, na ijapokuwa hauna ule utando wa kunata unaouwezesha unga wa ngano kushika hewa na kusimama, unatosha kabisa kwa vitumbua na mikate ya kumimina. Katika jimbo la Kerala kusini mwa India, ambako mkate wa mchele uitwao appam huumuliwa kwa tembo la mnazi tangu zamani, wako wapishi wanaotumia hamira au kinyunga kilichochachuka chenyewe bila kuuharibu mkate. Aliyejua njia hizo, akawa na unga, maji na siku za kusubiri, hawezi kusema hana budi isipokuwa tembo la jioni, na hapa ndipo jambo lililo muhimu kuliko mengine katika mjadala huu hudhihirika: mpaka wa dharura hauchorwi na umaskini peke yake, unachorwa pia na ujuzi. Watu wawili wenye mfuko mtupu uleule wanaweza kuwa na dharura za ukubwa tofauti, kwa kuwa mmoja anajua kulea chachu na mwingine hajui.

Kauli hiyo ni nzito na ina hatari ya kugeuzwa kuwa lawama kwa asiyejua. Haipaswi kuwa hivyo, kwa sababu mbili. Kwanza, ujuzi una gharama zake: chachu ya nyumbani hula unga kila siku, huharibika katika joto kali isipoangaliwa, na humtaka mwokaji asubiri saa nyingi kinyunga kiumuke, saa ambazo mwenye kuuza mandazi alfajiri huenda hana. Mufti anayetoa fatwa bila kuhesabu unga unaotupwa na usingizi unaokatwa amepima dharura ya mtu mwingine kwa mizani ya nyumba yake. Pili, asiyejua hawajibiki kwa kutojua peke yake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka ufundi ambao maisha ya watu hayasimami bila yake, kama kilimo na ufumaji, katika fungu la faradhi za kutoshelezana, yaani wajibu ulio juu ya jamii nzima, ambao wakiutekeleza wachache wengine husalimika, na wasipoutekeleza wote hupata dhambi. Ikiwa wako Waislamu wanaoingia katika kilichokatazwa kwa sababu tu hawajui badala ya halali, basi kuieneza badala hiyo kunaingia katika fungu hilo.

Kasongo si mji wa Waislamu peke yao, na kulinganisha na Wakatoliki kunaonyesha kwamba si kila kitu cha dini kina badala. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 huagiza kwamba mkate wa misa uwe wa ngano tupu, na katika mapokeo ya Kilatini usiwe na chachu, kama ambavyo divai lazima itokane na zabibu. Roma ilipoidhinisha mwaka 1988 misale ya majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, yenye nyimbo, mwendo wa ibada na maombi kwa wahenga yanayotokana na utamaduni wa Kiafrika, sharti la ngano na zabibu halikuguswa, ingawa mwanateolojia Jean-Marc Ela wa Kamerun alikuwa ameuliza kwa ukali kwa nini Mkristo wa nchi ya mtama amwadhimishe Bwana wake kwa mazao ya mashamba ya wengine. Jibu la Kanisa ni kwamba mkate huo hupata maana yake kutokana na tendo moja la kihistoria lililofanywa kwa vitu maalumu, na kitu cha namna hiyo hakibadilishwi hata dharura ikiwa kubwa. Chachu ya mandazi ni kinyume chake: maana yake yote imo katika kazi yake, na chochote halali kinachoifanya kazi hiyo ni sawa nayo kikamilifu. Kabla ya kuuliza kama badala inaruhusiwa, inafaa kuuliza kwanza kama kitu chenyewe kinathaminiwa kwa asili yake au kwa kazi yake.

Kuishi pamoja huleta pia swali la mnunuzi. Mwislamu anayenunua mandazi sokoni kwa jirani Mkristo hajui yameumuliwa kwa nini, na baadhi ya wacha Mungu wangependa ahoji kila kikapu. Msingi wa fikihi hauko upande wao. Asili ya vyakula ni uhalali mpaka kiwepo kithibitisho cha kinyume, na imesimuliwa kwamba Mtume, alipoulizwa kuhusu nyama iliyoletwa na watu ambao haikujulikana kama walitaja jina la Mungu wakati wa kuchinja, aliwaelekeza waulizaji walitaje wao wenyewe na wale. Anayejua kwa yakini kwamba mwuzaji fulani hutumia tembo lililokwisha kuchachuka hana budi kujiepusha, lakini asiyejua hakutakiwa kuwa mpelelezi, wala uchunguzi unaomdhalilisha jirani si sehemu ya uchaji. Mzigo wa kujua unamwangukia mwokaji, ambaye hukishika kibuyu mkononi, kuliko mlaji.

Yanayofuata kutokana na hoja hizi yanawahusu zaidi wanaofundisha dini. Kumwambia mwokaji wa Kabambare kwamba tembo limekatazwa, kisha kunyamaza, ni kumpa nusu ya fatwa, kwa kuwa kumemwacha kati ya dhambi na njaa huku njia ya tatu ikiwa ipo. Kumwambia kwamba dharura inaruhusu, bila kumwuliza alitafuta nini kabla yake, ni kumpa ruhusa ambayo hakuihitaji na kumzoesha kuitumia tena kesho. Fatwa iliyokamilika ingetaja hukumu, ingetaja saa ambayo utomvu hupoteza utamu wake, ingetaja chombo kisicho na mashapo, na ingeeleza jinsi donge la jana linavyowekwa akiba. Sehemu kubwa ya elimu hiyo wanayo wapishi wenyewe, wanaotambua kwa kunusa na kuonja kile ambacho vitabu vimekieleza kwa istilahi, hivyo mwalimu wa madrasa atakayetaka kuitoa atalazimika kwanza kuwauliza, na hakuna katika adabu za elimu kinachomzuia mwanachuoni kukaa mbele ya mwokaji akajifunza.